"Haimuumi, basi itapita": tunayoyaamini kuhusu ubongo, na ukweli wake

Ubongo hauumi. Daktari mpasuaji anaweza kufungua fuvu la mgonjwa aliye macho, akaugusa ubongo wenyewe huku wakizungumza, na mgonjwa asisikie maumivu, kwa sababu ndani ya nyama ya ubongo hakuna vipokezi vya maumivu. Kichwa kikiuma, kinachouma ni utando unaoufunika ubongo, mishipa ya damu, misuli na ngozi. Naanza na hili kwa sababu naliona ndilo mzizi wa makosa mengi tunayoyafanya. Tumezoea kuupima ugonjwa kwa maumivu na jeraha kwa damu. Ubongo ukidhurika, mara nyingi hatuoni hiki wala kile, ndipo tunapotafuta maelezo mengine: amelewa, anadeka, amerogwa, amezeeka.

"Haimuumi, basi itapita"

Mtu anaamka asubuhi, anaanza kufunga vifungo vya shati. Mkono wa kulia unafanya kazi yake, wa kushoto unateleza. Anajaribu tena, vidole vinapapasa tu, kana kwamba ni vya mtu mwingine. Mkewe anamwuliza kulikoni. Kwa ulimi mzito anajibu kwamba hana neno, ameulalia mkono vibaya. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeanguka. Wanakubaliana ajinyooshe kidogo.

Hicho ni kiharusi, na kule kujinyoosha kidogo ndiko kunakomgharimu. Wengi wanaopatwa na kiharusi hawasikii maumivu yoyote. Tena kikishika upande wa kulia wa ubongo, ambao ndio unaoongoza upande wa kushoto wa mwili, kinaweza kumwondolea mgonjwa hata uwezo wa kutambua kwamba anaumwa. Umwonyeshe mkono wake uliopooza, atakuambia ni mzima, na hasemi uongo: sehemu ambayo ingemjulisha ndiyo iliyodhurika. Kwa hiyo "sina neno" yake isikutulize. Mwambie atabasamu, uone kama upande mmoja wa uso umelegea. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka wenyewe. Mwambie arudie sentensi fupi. Jambo moja tu kati ya hayo likienda kombo, ni safari ya hospitali, saa hiyo hiyo.

Haraka hii ina hesabu yake. Viharusi vingi hutokana na donge la damu linaloziba mshipa. Vingine hutokana na mshipa kupasuka. Mshipa mkubwa ukiziba bila kutibiwa, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 ni kwamba seli za neva kama milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha donge, iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo nchini Marekani mwaka 1996, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu za mwanzo. Kwa baadhi ya wagonjwa donge linaweza kuvutwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, hata hadi saa 24. Saa hizo zinahesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, si tangu mlipogundua. Kwa huyu wa vifungo vya shati, kama alilala saa 4 usiku akiwa mzima, hesabu inaanzia saa 4 usiku. Iandikeni saa hiyo. Ni miongoni mwa mambo ya kwanza mtakayoulizwa.

Wapo wanaowahi kumpa mgonjwa aspirini wakiamini inasafisha damu. Kabla ya picha ya ubongo, hakuna anayeweza kujua kwa macho kama mshipa umeziba au umepasuka, na kama umepasuka, aspirini inaweza kuzidisha kuvuja. Msimpe chakula wala maji pia. Koo linaweza kuwa limelegea, na kinachomezwa kikaishia mapafuni.

Je, dalili zikitoweka baada ya dakika 10? Hapo ndipo watu wengi hushukuru na kurudi kwenye shughuli zao. Ni kosa kubwa. Hicho ni kiharusi cha mpito, na hatari ya kufuatiwa na kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku chache zinazofuata, hasa mbili za kwanza. Wala msidanganywe na umri. Kiharusi huwapata vijana, na huwapata watoto pia. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, ni moja ya sababu zinazojulikana kwa watoto.

"Mwekee kijiko asimeze ulimi"

Hili husemwa mtu akianguka kifafa, ila ulimi haumezeki. Umeshikwa na sakafu ya mdomo, hauna pa kwenda. Kijiko ndicho kinachoweza kuvunja jino, na kipande cha jino kikaingia kwenye njia ya hewa; na ukitumia vidole, utaviokoa vikiwa na majeraha. Mtu akianguka kifafa, usitie chochote mdomoni mwake wala usimkandamize asitikisike. Sogeza vitu vigumu, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kinachombana shingoni, kisha tazama saa. Mtikisiko ukikoma, mlaze kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke nje. Ukizidi dakika 5, au ukarudi kabla hajazinduka, au kama ni mara yake ya kwanza, ni mjamzito, ameumia au yalimkuta akiwa majini, tafuteni msaada wa hospitali.

Kisha kaa naye. Akizinduka atakuwa amechanganyikiwa, pengine amejikojolea, na macho ya kwanza atakayoyaona ni ya umati uliomzunguka. Mfunike, waombe watu watawanyike, mwambie taratibu kilichotokea na kwamba kimekwisha. Naliweka hili sawa na huduma ya kwanza yenyewe.

Povu lile haliambukizi. Ni mate yaliyochanganyika na hewa, pengine na damu kidogo kama ameuma ulimi. Kifafa ni msukosuko wa umeme wa ubongo, na si jambo la kubahatisha: mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger aliweza kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu, na kipimo hicho ndicho mzazi wa kile kinachotumika hospitalini leo. Watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Sina ugomvi na familia inayomwombea mgonjwa wake. Kinachoniuma ni pale anapoambiwa amepona mapepo, aache vidonge. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, na hicho huua.

Si kila kifafa huangusha, vilevile. Mtoto anayekodoa macho kwa sekunde chache darasani, haitiki, kisha anaendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea, huadhibiwa kwa utoro wa mawazo kumbe ubongo wake umezimika na kuwaka.

"Hakuzimia, basi hakuumia"

Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo baada ya kugongwa kichwa hawazimii hata kidogo. Na picha ya CT huweza kutoka safi, kwa sababu kilichovurugika ni utendaji wa seli, si umbo la ubongo. Picha safi haimaanishi mtu anajisingizia anapolalamika mwanga unamkera au anasahau alichokwenda kukichukua chumbani. Mchezaji aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo, hata akililia. Kumkesha usiku kucha asisinzie ni ushauri wa zamani. Akishachunguzwa na kuonekana hana hatari, usingizi unamsaidia. Kumfungia gizani wiki nzima nako kumepitwa na wakati: siku moja au mbili za utulivu, kisha arudi kwenye shughuli kidogo kidogo.

Cha kuogopa ni kuvuja damu ndani ya fuvu. Mtu hupigwa kichwa, akainuka, akaongea vizuri, na baada ya saa chache akaanza kuzama. Kutapika mara kwa mara, kichwa kuuma kwa kuzidi, usingizi asioweza kuamshwa, mboni zisizolingana, majimaji yasiyo na rangi yanayotoka puani au sikioni: yoyote kati ya haya ni dharura. Kwa mzee, damu huweza kujikusanya polepole kwa wiki kadhaa baada ya kujigonga ambako hata hakumbuki.

"Ni uzee tu"

Mzee huyo huyo akianza kuchanganya maneno, atahesabiwa kuwa amezeeka. Kupoteza kumbukumbu hadi mtu apotee njia ya nyumbani kwake ni ugonjwa. Mgonjwa ambaye daktari Alois Alzheimer, ambaye ugonjwa mmoja wa kupoteza kumbukumbu umepewa jina lake, alimchunguza huko Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1901 alikuwa na miaka 51. Baadhi ya visababishi hutibika, kama hiyo damu iliyojikusanya, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, au sonona. Hatuwezi kuvijua bila kumpima. Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, nayo si kutetemeka peke yake: wengine hawatetemeki kabisa, ila hukakamaa, hupunguza mwendo, na huenda walipoteza uwezo wa kunusa miaka mingi kabla.

"Hasemi, basi haelewi"

Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa na silabi moja tu kinywani, "tan". Ukimwuliza lolote, jibu lilikuwa tan, tan. Lakini alielewa mengi aliyoambiwa, na alijieleza kwa ishara. Baada ya kifo chake Broca alikuta jeraha upande wa kushoto wa mbele wa ubongo.

Wako wengi wa namna hiyo baada ya kiharusi, na tunawazungumzia mbele yao kana kwamba hawapo, au tunawapandishia sauti kana kwamba ni viziwi. Wengine, neno lisipotoka, huweza kuimba wimbo wanaoujua na maneno yakaja, au kuhesabu moja hadi kumi bila kukwama, kwa kuwa yaliyozoeleka mno hayategemei sehemu ile ile pekee. Ubongo hauna akiba. Ile hadithi kwamba tunatumia asilimia 10 tu haina msingi. Kinachotokea ni kwamba sehemu zilizobaki hujifunza kazi mpya kwa mazoezi. Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, lakini hakuna siku mlango unapofungwa.

Kaa mbele yake akuone uso. Zima redio. Uliza swali moja, la ndiyo au hapana. Kisha nyamaza, hesabu hadi kumi moyoni, na usimmalizie neno.