Antioksidanti ni nini? Mawese, matembele na panya wa maabara

Chukua mawese ya Kigoma, yale mekundu hasa, uyaache wazi juani. Taratibu wekundu unapauka, kisha mafuta yanaanza kunuka. Oksijeni imeyashambulia, na karotini inayoyapa rangi imetumika ikiyakinga. Karotini ni antioksidanti: kitu kinachozuia oksijeni isiharibu vingine, mara nyingi kwa kuharibika chenyewe.

Mwilini ni hivyo hivyo, maana utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta. Seli zikitumia oksijeni kutengeneza nguvu huzaa radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, na hupora ya jirani. Mwili una kinga yake, kama glutathioni na kimeng'enya cha katalesi. Radikali zikiizidi, huo ndio msongo wa oksidisho.

Hapo ndipo panya wanapohusika. Watafiti humbana panya kwenye mrija mwembamba asiweze kugeuka, au humwogelesha kwenye maji baridi, siku baada ya siku. Homoni za msongo hupanda na radikali huongezeka. Kundi moja hunyweshwa kiini kilichochujwa kutoka kwenye majani ya mboga, jingine maji tu. Mwishowe hupimwa ini au ubongo. Walionyweshwa majani wakikutwa na malondialdehaidi kidogo, ambayo ni masalia ya mafuta yaliyoharibika, na katalesi ikiwa juu, basi kiini kimewakinga.

Kimewakinga panya, tena kwa dozi nzito. Miligramu 400 kwa kilo ya panya, ikibadilishwa kwa mtu wa kilo 60 kwa kanuni ya eneo la mwili (si kwa kuzidisha kilo tu), ni karibu gramu 4 za kiini kilichokolezwa, si za majani. Ndiyo maana inaniuma kuona unga wa majani ukinadiwa kuwa dawa ya presha na kisukari. Nchini Finland, utafiti wa wavuta sigara zaidi ya 29,000 uliotangazwa mwaka 1994 ulikuta waliopewa vidonge vya beta-karotini wakipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Karotini ile ile!

Mboga yenyewe uile bila hofu. Matembele yana polifenoli nyingi, ambazo nazo ni antioksidanti, na karotini yake hufyonzwa vizuri ikiwa na mafuta, kwa hiyo wanaoyaunga kwa mawese wanapatia. Usiyachemshe sana halafu ukamwaga maji, vitamini C itakwenda nayo. Na mgonjwa wa presha asiache vidonge vyake.