Phrase ya Kiingereza si phrase ya Kifaransa

Juzi jioni, hapa Goma, mwanafunzi wangu wa Kiingereza aliandika ubaoni "The old chukudu in front of my uncle's house", akatia nukta, akarudi kuketi kama mtu aliyemaliza kazi. Nikamuuliza, chukudu hiyo, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, imefanya nini? "Mwalimu, si umesema tuandike phrase?"

Hili nimelisikia mpaka masikio yanauma. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunajua phrase ni sentensi nzima, basi tunalivusha neno mpakani bila kufungua mzigo. Kwa Kiingereza phrase ni kirai: maneno yanayokwenda pamoja bila kiima (mtenda) na kitenzi chake. Kishazi, chenye kiima na kitenzi chake, ni clause, ile ambayo Wafaransa huiita proposition. Sentensi ni sentence. Andikeni hayo ndani ya jalada la daftari.

Kosa hilo limezaa jingine: kuhesabu maneno. Eti kirai ni kifupi, kishazi ni kirefu. Chukudu ya mwanafunzi wangu ina maneno tisa na ni kirai tu. "I fell" ina mawili, nayo ni kishazi, tena sentensi kamili. Kiswahili chenu kingewaonya: "walipofika" ni neno moja, ila ndani mna watendaji, wakati na kitenzi. Mwingereza anatumia matatu, "when they arrived".

Tazameni na hili. "Before the eruption" ni kirai. "Before Nyiragongo erupted", yaani volkano yetu hapa jirani, ni kishazi. Neno before halibadiliki, kwa hiyo halikusaidii kitu. Kiswahili hubadilika: "kabla ya mlipuko", lakini "kabla Nyiragongo haijalipuka". Ukitatizika, tafsiri kwanza. Ikija "kabla ya" na jina tu, bila kitenzi, ni kirai.

Wengine husema kishazi chochote chenye kiima na kitenzi tayari ni sentensi. Hapana. "Because Nyiragongo erupted in 2021", halafu nukta? Ni kishazi tegemezi, na mimi bado nasubiri kuambiwa kilichofuata.

Na kwamba kirai hakiwi na kitenzi kamwe? "To cross the border" kinacho, ila hakina kiima wala wakati. Vitabu vingi vya shule hukiita kirai. Wanaisimu wengi wa leo hukihesabu kuwa kishazi. Kwenye mtihani fuateni kitabu mlichopewa, ubishi huo mtuachie sisi.