Malaria Inapoficha Upungufu wa Madini Chuma

Tuseme mtoto wa miaka miwili amepimwa damu. Malaria ipo, himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ni gramu 8 kwa desilita, ferritini ni mikrogramu 24 kwa lita. Ferritini ni protini inayotunza akiba ya madini chuma, na kwa mtoto mzima wa umri huo upungufu huanza kuhesabiwa chini ya 12. Ni rahisi kumwambia mzazi kuwa chuma kinatosha, damu imepunguzwa na malaria tu. Jibu hilo si sahihi. Ferritini hupanda kila mwili unapopambana na maambukizi, hivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unapandisha kikomo hicho hadi 30 kwa mtoto wa chini ya miaka mitano aliye na maambukizi. Mtoto huyu amepungukiwa na chuma, ila homa imeuficha upungufu wake.

Ndiyo maana tunapima pia kipokezi cha transferini. Transferini husafirisha chuma ndani ya damu, nacho kipokezi ni kama gati ambapo mzigo huo hushushwa kwenye seli. Seli inayokosa chuma huongeza vipokezi, na vipande vyake hukatika vikaelea kwenye damu, ambako tunavipima. Maambukizi hayavipandishi kama yanavyopandisha ferritini.

Lakini malaria huvuruga hata kipimo hiki. Vimelea huvunja chembe nyekundu za damu, kisha baada ya matibabu uboho huharakisha kutengeneza nyingine, na chembe changa zimejaa vipokezi. Kiwango kitapanda hata kwa mtoto ambaye akiba yake ya chuma haijaguswa. Vifaa vya maabara navyo hutofautiana, kwa hiyo jibu la maabara moja halilinganishwi na mipaka ya nyingine. Binafsi sikubali kusoma kipokezi peke yake. Nataka kukiona pamoja na ferritini na kipimo cha CRP kinachoonyesha kama maambukizi bado yapo.



Je, tumpe mtoto dawa ya kuongeza damu, yaani ya chuma, akiwa na homa? Hapo ini lina la kusema. Wakati wa maambukizi ini hutoa hepsidini kwa wingi, homoni inayozuia chuma kutoka utumboni na kwenye akiba kuingia kwenye damu. Dawa humezwa, lakini chuma kingi hakifyonzwi.

Kuna pia suala la usalama. Matokeo ya utafiti mkubwa wa Pemba, yaliyotolewa mwaka 2006, yalionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki, bila kupimwa kwanza kama wanakihitaji, walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa. Wengi waliishia hapo, wakaanza kuogopa chuma. Inasikitisha, kwa sababu ndani ya utafiti huohuo kulikuwa na kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema, na humo watoto wenye upungufu wa chuma walinufaika. Tangu 2016 msimamo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kwenye maeneo ya malaria chuma kitolewe sambamba na kinga, vipimo na matibabu ya malaria. Mtoto aliyepungukiwa chuma asinyimwe, kwa maana ubongo wake unaokua unakihitaji.

Kwa mzazi, mpangilio ni huu: malaria itibiwe kwanza na dozi imalizwe, kisha mhudumu wa afya aamue lini chuma kianze. Usimwanzishie mtoto mwenye homa dawa ya chuma kwa uamuzi wako. Na kama ferritini ilipimwa akiwa mgonjwa, omba irudiwe wiki chache baada ya kupona, pamoja na CRP.