Ati kufuma ni uzi tu na sindano? Mambo watu husema, na vile iko kiukweli

Kuna maswali nimeyajibu sana hapa Nakuru hadi nimechoka, hasa kutoka kwa makastoma wa London (ile yetu, si ya Uingereza), so wacha niandike hapa mara moja halafu mtu akiuliza namtumia tu.

Kwanza hii: "Si ni uzi tu, mbona bei iko juu na mtumba naokota kwa mia mbili?" Buda, uzi ndio sehemu rahisi. Kazi ya dizaina wa sweta nusu yake ni hesabu. Kabla nianze naweka chini kipande kidogo cha kujaribu, kama sentimita 15 kila upande, nakiosha, nakiacha kikauke vizuri, ndio napima stichi ziko ngapi kwa sentimita 10 za pale katikati, manake pembeni hudanganya. Na lazima kioshwe, uzi ukishaguswa na maji hubadilika, ukipima kabla unajidanganya. Sasa tuseme nimepata stichi 22. Kifua ni sentimita 100, kwa hivyo nahitaji stichi 220 kuzunguka. Lakini kama mkono wako unafuma ukilegeza kidogo ukapata 20 badala ya 22, zile zile 220 zinakupa sentimita 110. Stichi mbili tu! Sweta ilikuwa ya mama sasa inatosha baba. Na hiyo ni saizi moja, mimi nikiuza patani (yaani maelekezo ya kufuma) yenye saizi nane hesabu inarudiwa mara nane, na huwezi kuongeza kila kitu sawasawa ati kwa sababu kifua kimeongezeka, manake mtu mnene si lazima awe na mikono mirefu, na mabega hayapanuki kwa kasi ya tumbo, kwa hivyo kila sehemu ina hesabu yake. Kuna siku nashinda na kalamu na Excel, sindano hata sijashika. Halafu mtu anakwambia wewe unakaa tu nyumbani.

"Mashine itafanya hiyo kwa dakika chache." Ndio, inaweza, na sina shida nayo. Mashine ya kufuma si kitu cha juzi, William Lee aliitengeneza Uingereza 1589, na sweta za shule unazoona huku karibu zote ni za mashine. Lakini mashine haijui shingo iingie wapi, lazima mtu aipangie. Kroshia, ile ya sindano moja yenye ndoano, ndio stori nyingine kabisa. Kroshia yenyewe hakuna mashine ya kiwandani inayoifanya, zipo tu za kuigiza, so ukiona topu ya kroshia inauzwa bei ya kutupa jua kuna mikono ya mtu iliifanya, jiulize huyo mtu alibaki na ngapi.

Kuna wale wa "mimi nina aleji ya sufu". Wengi hawana. Nywele za kondoo zikiwa nene, kama maikroni 30 kwenda juu (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), hazipindi zikigusa ngozi, zinakudunga, ndio unajikuna. Za merino, kondoo wa manyoya laini, nyingi ni nyembamba kuliko hapo, zinapinda tu. Na pengine hiyo sweta yako haijawahi kuona kondoo, uzi mwingi unaouzwa tao ni akriliki, yaani plastiki. Chukua kauzi kadogo ukachome: sufu hunuka kama nywele zikiungua na jivu linasagika, akriliki inayeyuka na kuganda ngumu. Ndio maana pia usiipige pasi ya moto, italegea na hairudi tena.

"Lakini kondoo si wako hapo Molo, uzi uwe bei rahisi basi." Kondoo wapo. Ila manyoya yakitoka mgongoni yana mafuta na uchafu, ukiyaosha yanaweza kupoteza karibu nusu ya uzito, bado kuchambua, kuchana, kusokota, kutia rangi. Hayo yote analipwa mtu.

Wanaume hawafumi? Uliza wanaume wa kisiwa cha Taquile huko Peru, kofia zao wanafuma wenyewe. Tuendelee.

Ya mwisho inatoka kwa ndugu zetu wa Kisumu: "huku ni joto, sweta ya nini?" Kweli, nyinyi mko karibu mita 1,130 na sisi tumepita 1,800, asubuhi zetu si zenu. Lakini kufuma si sweta peke yake, kuna topu za pamba zenye matundu, upepo wa ziwa unapita tu. Shida ya pamba ni uzito, haina ule mvuto wa sufu wa kurudi mahali pake, gauni refu linaendelea kushuka kila ukilivaa. Kwa hivyo la pamba nalitundika kwa hanga usiku kucha kwanza, asubuhi ndio napima urefu, na nikikufumia fupi kidogo kuliko ulivyotaka usishangae, litashuka lenyewe.