Mbwa na Sufuria ya Kihindi: Tunaogopa Pilipili, Tunasahau Kitunguu

Nilipokuwa nasoma Pune, India, nilipanga chumba kwa mama mmoja tuliyemwita Kaku, jina la heshima ambalo Wamarathi, wenyeji wa huko, huwaitia akina mama wa makamo. Kila siku chapati ya kwanza kutoka kwenye chuma aliiweka kando kwa ajili ya ng'ombe, na ya mwisho ilikuwa ya mbwa. Ni desturi ya zamani katika nyumba nyingi za Wahindu, na Kaku hakuiacha hata siku alizoamka na homa. Mbwa wake aliitwa Moti, yaani lulu. Alikuwa na kilo kumi hivi, masikio yamesimama, mkia umejikunja, aina ile ile ya mbwa waliojaa mitaa ya India.

Jumapili moja palipikwa mchuzi wa mbuzi. Wageni walipoondoka, Moti akapewa wali uliobaki, umechanganywa na rojo nzito ya chini ya sufuria. Alikula mpaka akalamba sahani. Jumatatu alikuwa mzima, Jumanne mzima. Alhamisi hakuinuka kuja mlangoni. Fizi zake zilikuwa nyeupe, anahema kama aliyekimbia, na mkojo wake una rangi ya kahawa. Daktari wa wanyama hakutaka kujua alikula nini jana yake. Aliuliza alikula nini Jumapili.

Moti alipona, lakini swali lile lilinikaa kichwani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa makini watu wanavyozungumza kuhusu mbwa na chakula cha Kihindi. Mengi wanayoyaamini yamepinduka.

"Mradi si kikali, mpe tu"

Hili ndilo la kwanza na ndilo lenye madhara zaidi. Tunadhani hatari yote iko kwenye pilipili. Kweli pilipili inamuumiza mbwa. Wapo wanaosema hasikii ukali kwa sababu ulimi wake una vionja ladha 1,700 hivi, wakati wa binadamu una 9,000 hivi. Lakini ukali wa pilipili si ladha. Ni maumivu, na husafiri kwenye mishipa ya fahamu ambayo mbwa anayo kama sisi. Atatokwa na udende, atatapika, ataharisha. Ni mateso ambayo sioni sababu ya kumpa mnyama unayempenda. Hata hivyo kwa kawaida hupita.

Kitunguu hakimchomi. Kinanukia nyama, ni kitamu, na mbwa hukila kwa furaha. Kitunguu maji, kitunguu saumu na jamaa zao wote wana kemikali za salfa ambazo mwilini mwa mbwa huishambulia hemoglobini, ile inayobeba hewa kwenye damu. Chembe nyekundu huota vinundu, zikapasuka au zikaondolewa na mwili wenyewe kama takataka. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, ndiyo maana Moti alicheza Jumatatu na Jumanne kama kawaida. Anayemtazama mbwa wake kwa saa chache na kusema "mbona hana kitu" amemtazama mapema mno.

Kiwango chenyewe si kikubwa. Tiba ya mifugo inahesabu kuwa hatari ipo pale mbwa anapokula kwa mara moja kitunguu kinachozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wake, na gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili hutosha kuivuruga damu yake kwa kiwango kikubwa. Kwa mbwa wa kilo kumi, nusu ya asilimia moja ni gramu 50, yaani kama nusu ya kitunguu cha wastani. Kaku alikuwa amekaanga vitunguu vinne mpaka vikayeyuka, na vilipoyeyuka viliishia kwenye rojo, ile ile aliyopewa Moti. Kitunguu saumu kina nguvu zaidi ya kitunguu maji, gramu kwa gramu. Na mbwa wenye asili ya Japani, kama Akita na Shiba Inu, wanadhurika upesi kuliko wengine kwa sababu ya maumbile ya chembe zao za damu.

"Kikishaiva, sumu imekwisha"

Haiishi. Kukaanga, kuchemsha wala kukausha hakuiondoi. Kukausha ndiko kubaya zaidi, kwa sababu maji hutoka na kilichobaki kina sumu nyingi zaidi kwa kila kijiko. Pune iko Maharashtra, jimbo linaloongoza India kwa kilimo cha vitunguu. Soko la Lasalgaon, wilayani Nashik, bei yake husikika nchi nzima. Katika nyumba za huko kuna bizari nyekundu iitwayo kanda-lasun masala, jina lenyewe likimaanisha kitunguu na kitunguu saumu. Ni unga tu ndani ya kopo, hauoni kitunguu, na kijiko kimoja hunyunyizwa kwenye maharage, kwenye viazi, hata juu ya mayai. Watu waliniapia kwamba mbwa wao hawajawahi kuonja kitunguu, na kopo hilo liko mezani.

Kuosha nyama ya mchuzi chini ya bomba nako hakusaidii, maana mchuzi umeshaingia ndani ya nyama. Na msomaji wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam asidhani haya ni ya ng'ambo. Biriani yetu, bajia zetu na sambusa zetu zina ukoo na jiko hilo hilo, na rojo ya biriani huanza kwa rundo la vitunguu vya kukaanga.

"Chakula cha Wajaini hakina vitunguu, kwa hiyo ni salama"

Niliwahi kuliamini hili mwenyewe. Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, wale wanaoishika hawali kitunguu wala kitunguu saumu, na mahali pake hutumia mvuje. Mvuje, ambao kwetu pwani wengi wanaujua kama kitu cha kumfukizia mtoto, si jamii ya kitunguu. Ni utomvu wa mmea unaoota Irani na Afghanistan, na kinachowekwa jikoni ni chembe tu. Kwa upande wa kitunguu, basi, sufuria hiyo ina nafuu.

Lakini tazama mengine yaliyomo. Zabibu kavu kwenye pulao na kwenye kheer, ule wali wa maziwa. Ukwaju kwenye sambar, ule mchuzi wa dengu na mboga, kwenye rasam, ile supu nyepesi chachu, kwenye chatini. Kwa muda mrefu madaktari walijua kwamba zabibu huua figo za mbwa bila kujua kwa nini. Mbwa mmoja hula kichala kizima asipate kitu, mwingine hula chache akafa. Mwaka 2021 madaktari wa kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, shirika la kutetea wanyama la Marekani, walielekeza kidole kwenye asidi ya tatariki, ambayo wingi wake hutofautiana kutoka zabibu moja hadi nyingine. Walifikia hapo baada ya kuona figo za mbwa zikiharibika vivyo hivyo kwa chumvi ya asidi hiyo inayotumika kuokea, na baadaye wakaeleza visa vya mbwa waliokula ukwaju. Ukwaju una asidi hiyo kwa wingi. Mimi tangu niliposoma hayo sitoi hata kijiko cha sambar.

"Mbwa wa mitaani ana tumbo la chuma"

Ndani ya kauli hii kuna ukweli kidogo. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu, wana nakala nyingi za jeni ya kumeng'enya wanga. Maelfu ya miaka ya kuishi kando ya majiko yetu yamewafaa, na ndiyo sababu wali na chapati vinawapita vizuri. Ila hakuna aliyeonyesha kwamba damu yao imejifunza kustahimili kitunguu. Mbwa koko anayekufa nyuma ya soko kwa kuishiwa damu hapimwi na mtu, wala haingii kwenye hesabu ya wale tunaosema "wamezoea". Na anayelishwa mchuzi kidogo kila siku anaweza kupungukiwa damu polepole, mwenye mbwa akadhani ni uzee.

Kuhusu manjano nitasema kwa ufupi. Chembe zake kwenye dengu hazina ubaya, lakini si dawa ya kufuta madhara ya vitunguu vilivyomo sufuria hiyo hiyo, na kiini chake hufyonzwa kidogo sana mwilini. Samli ni jambo jingine. Siku za Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, vitamu vilivyozama ndani ya samli vinapozunguka nyumba nzima, mlo mmoja wa mafuta mengi unaweza kuchochea uvimbe wa kongosho: mbwa anapinda mgongo kwa maumivu, anatapika, hataki kula. Na maziwa na chapati, ambayo familia nyingi za India huyahesabu kuwa chakula kamili cha mbwa, yanamshibisha lakini hayampi protini na madini ya kumtosha. Mbwa wengi waliokomaa maziwa yanawaharisha pia.

"Basi chakula cha nyumbani hakifai kabisa"

Hapa nampinga hata daktari anayesema mbwa asiguse chochote cha jikoni. Siri iko kwenye mpangilio wa kupika. Dengu za Kihindi huchemshwa kwanza zenyewe, na viungo vya kukaanga, ambavyo Wamarathi huviita phodni na Wahindi wa kaskazini tadka, humiminwa mwishoni. Kwa hiyo fungu la mbwa linaweza kutolewa kabla: dengu laini bila chumvi, wali mweupe, kipande cha kuku aliyechemshwa, kama nyongeza juu ya chakula chake. Mchuzi ni kinyume. Kitunguu kinaingia kwanza, kwa hiyo hakuna hatua unayoweza kuchota ya mbwa. Nyama yake ichemshwe pembeni, na asipewe mifupa iliyopikwa, kwani hupasuka vipande vyenye ncha.

Akishakula kisichofaa, usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi peke yake inaweza kumuua. Maziwa nayo hayazimui sumu. Mpigie daktari wa wanyama saa ile ile, mweleze uzito wa mbwa, alichokula, kiasi gani na saa ngapi, kwa sababu kumtapisha kwa njia salama kunasaidia zaidi ndani ya saa mbili za mwanzo. Kisha mwangalie fizi na mkojo kwa karibu wiki nzima, hata kama anaruka ruka.

Mwaka uliofuata nilirudi Pune nikapita kumsalimu Kaku. Dengu zilikuwa jikoni, na bakuli la Moti limewekwa dirishani. Mbegu za haradali zilipoanza kupasuka kwenye mafuta, Moti aliinuka mlangoni na kutikisa mkia. Alishajua kwamba sauti ile ikisikika, fungu lake limekwisha kupoa.