Kabla hujatuma hati ya uwakilishi nyumbani, panga majina yako

Mimi ni wakili hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni karatasi za Watanzania wanaoishi nje: viwanja, vyeti vya kuzaliwa, mirathi. Simu nyingi huanza hivi: "Wakili, nataka kumpa kaka yangu nguvu ya kisheria anishughulikie kiwanja. Itachukua siku ngapi?" Anachokitaka ni hati ya uwakilishi, karatasi inayomruhusu mtu kutenda kwa niaba yako. Nami huuliza swali linalowachosha wengi. Jina lako linasomekaje kwenye hati ya kiwanja, kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, kwenye pasipoti na kwenye cheti cha kuzaliwa? Nitumie picha za zote nne. Ni nadra sana zije na jina moja.

Huo si uzembe wa mtu. Kwetu mtoto hupewa jina lake, likafuata la baba, kisha la babu. Fomu za ughaibuni zinataka jina la kwanza na la ukoo, basi la katikati linaachwa. Cheti cha shule kiliandikwa Saidi, kitambulisho kikaandikwa Said. Mohamedi wa kijijini akawa Mohammed kwenye pasipoti. Dada anaolewa huko aliko na kuchukua jina la mume, ilhali kiwanja cha Kigamboni alikinunua akiitwa kwa jina la baba yake. Ofisa wa ardhi hakujui, wala hana ruhusa ya kukisia. Anachokiona mezani ni watu wawili.

Hili nililijua kwa uchungu. Nikiwa mwaka wa pili kazini nilimwandalia mama mmoja aliyekuwa Muscat hati ya uwakilishi, nikatumia jina lililo kwenye pasipoti yake. Akaomba ruhusa kwa mwajiri, akaenda ubalozini, akasaini, akampa msafiri ailete. Ilipofika ikarudishwa, kwa sababu hati ya nyumba ilikuwa na jina la tatu ambalo pasipoti haikuwa nalo. Ikabidi aombe ruhusa mara ya pili, na mnunuzi hakungoja. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo siandiki mstari hata mmoja kabla sijaona nakala zote.

Tofauti ikiwa ya herufi au ya mpangilio tu, dawa yake ni kiapo cha majina: unaapa kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja, ambaye ni wewe, na unaambatisha nakala za nyaraka zenyewe. Lakini kama umeacha jina la zamani na kuchukua jipya, kiapo peke yake hakitoshi. Hapo kwa kawaida unahitaji hati ya kubadili jina, ile watu wanayoiita dipoli (deed poll), nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Unaweza kuapa mbele ya ofisa wa ubalozi mwenye mamlaka ya kuapisha. Unaweza pia kwenda kwa mwanasheria mthibitishaji wa nchi uliyopo, ila karatasi yake kwa kawaida itazunguka kwanza: wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo, kisha ubalozi wetu, ndipo ije huku. Na ubalozi hauko kila mahali. Anayeishi Oslo au Copenhagen anahudumiwa na ubalozi wetu wa Stockholm, yaani nauli na siku ya kazi. Kwa hiyo mimi huandaa kiapo na hati ya uwakilishi pamoja, visainiwe siku moja, safari moja.

Tarehe ya kuzaliwa ni kazi ngumu zaidi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Tarehe ikikosewa pale, kosa linaingia ndani ya namba yenyewe na kufuata kila kilichosajiliwa nayo, kuanzia laini ya simu. Hilo usilitibu kwa kiapo. Anza na cheti cha kuzaliwa, kisha uombe marekebisho NIDA kwenyewe. Ndugu zangu wa Zanzibar nao wakumbuke kwamba cheti chao hakitoki RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo wa Tanzania Bara, na kwamba wana kitambulisho cha Mzanzibari pia. Kwao nyaraka za kulinganisha ni tano.

Majina yakishakaa sawa, hati ya uwakilishi yenyewe si kazi kubwa. Itaje namba ya kiwanja, kitalu na mahali kilipo. Iseme wazi mwakilishi anaruhusiwa nini: kufuatilia hati tu, kulipa kodi ya pango la ardhi, au kuuza na kupokea fedha. Nawasihi msiandike "afanye lolote kwa niaba yangu", hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Nimeona familia zikivunjika kwa maneno hayo matano.

Na jambo moja ambalo watu huumia kulisikia wakiwa msibani. Hati ya uwakilishi hufa na aliyeitoa. Baba akifariki, ile aliyompa mtoto wake mkubwa haina kazi tena, na zile mtakazotuma ninyi watoto mlioko nje hazimpi mtu uwezo wa kuuza nyumba iliyo kwa jina la marehemu. Kwa kawaida kikao cha familia hukaa na kupendekeza msimamizi wa mirathi, kisha lazima mahakama imteue. Kazi yako wewe uliye mbali ni kutuma ridhaa yako kama mrithi, iliyoapwa, kwa jina lilelile litakaloandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

Kama mna mtoto aliyezaliwa huko, siku ya kumwandikisha nendeni na pasipoti zenu mkononi. Majina ya baba na mama yanakiliwe herufi kwa herufi kama yalivyo humo, na msiondoke dirishani kabla hamjakisoma cheti.