Mvua Imeanza, Baiskeli Usiifungie Stoo

Tangu mvua zianze malalamiko yanaingia ofisini kwetu trafiki kila siku, madereva wanasema watu wa baiskeli hawaonekani jioni, watu wa baiskeli nao wanasema wanabanwa mpaka mtaroni. Wenye magari zamu yao inakuja, leo tunaongea na nyinyi wa baiskeli.

Kwanza, hatujasema muache kuendesha mpaka Desemba. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, mvua ni karibu Aprili mpaka Oktoba, sasa nani ataning'iniza baiskeli ukutani nusu mwaka? Na ikikaa, cheni inashika kutu na raba za breki zinakauka, halafu siku jua likiwaka mtu anaitoa hivyohivyo anaingia nayo barabarani.

Breki ndiyo kesi kubwa. Hizi baiskeli zetu nyingi zina ringi ya chuma, ikilowa raba inateleza tu, unabana na baiskeli inaendelea na safari yake. Ukiwa unashuka mteremko kama ule wa Namirembe, Kampala, anza kubana kidogokidogo mapema, raba ifute maji kwanza, ndipo ubane kwa nguvu. Na mwamvuli mkono mmoja, breki mkono mwingine, hapana jamani.

Taa nayo. Watu wanategemea dainamo, lakini tairi likilowa kile kigurudumu chake kinateleza, taa inafifia, na ukisimama inazimika kabisa, yaani inakuacha palepale unapohitaji kuonekana. Weka taa ndogo ya betri nyuma, nyekundu. CD ya zamani iliyofungwa kwenye kerea si taa, tumeshasema sana.

Halafu kuna hawa wa "naenda upande wa kulia ili nione gari linalokuja". Uganda tunakaa kushoto, baiskeli pia, Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998 na marekebisho yake ya 2020 haikuandikwa kwa ajili ya magari peke yake. Dereva anayetoka barabara ndogo akikata kushoto anaangalia kulia kwake, wewe unamtokea upande ambao haangalii, tena kioo kina mvua.

Ukiandikiwa tiketi, kabla hujaondoka hakikisha jina, mahali, tarehe na kosa vimeandikwa sawa, maana kurekebisha baadaye ni usumbufu kwako na kwetu. Una siku 28 za kulipa. Unalipa benki kwa namba ya malipo ya URA (mamlaka ya mapato), risiti unaitunza, usiiweke mfukoni ikalowa. Afande halipwi mkononi, hata akikwambia tumalizane haraka mvua inakuja. Kama hukubali kosa, mahakama ipo. Kiasi kinategemea kosa, sitaandika hapa watu wakaanza kubishana na askari wakishika simu.

Maji yakijaa Bwaise au pale Clock Tower, Kampala, shuka usukume, au subiri, kwa sababu mtaro uliokosa kifuniko hauonekani chini ya maji ya kahawia. Mvua ya kwanza baada ya jua kali ndiyo inateleza zaidi, vumbi na oili vinachanganyika juu ya lami.

Ukifika nyumbani futa cheni kwa kitambaa kikavu, tia oili kidogo, safi. Ile nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya boda inabeba mchanga na kula cheni, ingawa mafundi wengi bado wanaipaka.